Nyuso za Bluu Chini ya Turubai

Walisema sitafika Noeli nikiwa bado fotografe. Baba mdogo wangu, mwalimu mstaafu wa Mulongwe, aliwaambia wageni mezani kwamba nimekaa Kampala miaka mitatu nikisomea kubonyeza kwa kidole, na kwamba yeye kidole chake alizaliwa nacho. Jirani mwenye kibanda cha kuchaji simu alisema simu za siku hizi zinamfanya kila mwanamke wa Uvira awe mzuri bila malipo. Nani atanilipa mimi nimtoe alivyo?

Nina diploma, na karo yake niliilipa mwenyewe kwa kuosha magari ya watu kabla ya masomo ya asubuhi. Hakuna mjomba aliyenitumia hata nauli. Niliporudi nyumbani niliitundika ukutani kabla sijanunua kitanda, nikalala chini yake juu ya mkeka.

Lakini diploma haipigi picha. Kamera na flashi vilizidi akiba yangu, nikakopa kwa watu watatu: shangazi yangu anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huko Kalundu, mwanamke mwenye saluni, na fundi wa mashine za mitumbwi. Hao wawili wa mwisho walikuwa na subira. Shangazi alinipa mtaji wake wote, pesa ya kununulia samaki kwa wavuvi, nami nikamwahidi kuirudisha baada ya harusi ya kwanza. Harusi haikuja upesi. Kwa majuma matatu alikaa mchangani akiwasaidia wenzake kuanika ndagala wao, akilipwa bakuli moja jioni. Hakuwahi kunidai. Nilipopita alinisalimia kama kawaida, na salamu ile ilinichoma.

Wakati huo nilijiunga na warsha ya Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Aliyefundisha alikuwa mzee mmoja aliyekuwa na studio enzi za filamu. Nasema kweli, nilikwenda nikidhani nitamsaidia kufundisha. Siku ya kwanza alimkalisha muuza makaa mlangoni, akaweka beseni jeupe mapajani pake, na macho ya yule mama yakawaka kama taa. Alituambia tutafute mwanga kwanza, muntu baadaye. Nilikunja uso kama mtu anayelijua jambo hilo tangu zamani. Jumamosi iliyofuata nilifika wa kwanza.

Alitufundisha pia kutompiga mtu flashi usoni, maana ngozi yetu hung'aa kama iliyopakwa mawese. Elekeza flashi juu au ukutani, alisema, mwanga urudi polepole. Tulijaribu mle ukumbini, na picha zangu zilikuwa bora kuliko za wote. Sitajifanya mnyenyekevu katika hilo.

Ndipo ikaja harusi ya Kalundu. Baba wa bi arusi alikuwa mkubwa wa wapakiaji bandarini, na sharti lake lilikuwa moja. Bibi wa bi arusi alikuwa ameshuka kutoka milimani, upande wa Mulenge, na gari lililomleta lingeondoka saa kumi kamili, kwa sababu dereva hakutaka giza limkute njiani. Bibi huyo hakuwa na picha yoyote duniani ila ile ya kadi ya mpiga kura. Nikikosa picha yake na mjukuu wake, nisipewe kitu. Nilikubali haraka mno. Nilikuwa nikiona bakuli la shangazi.

Watu walichelewa kanisani, wakachelewa barabarani, na tulipoketi chini ya hema ilikuwa imebaki nusu saa. Sisi wa Uvira jua hutuaga mapema, linajificha nyuma ya milima wakati ng'ambo ya ziwa bado kunang'aa. Kivuli cha mlima kilikuwa kimeshafika barabarani. Hema lenyewe lilikuwa turubai kubwa la bluu, lile la kila harusi na kila matanga. Nikaelekeza flashi juu, kama nilivyofundishwa, nikapiga picha kumi na mbili mfululizo, kifua mbele.

Mama mkubwa wa bi arusi, binti wa yule bibi, akaja kuchungulia kioo cha kamera.

"Weye fotografe," akasema, "kuja uangarie. Maman wangu iko sawa muntu wametosha mu ziwa."

Nikaangalia. Midomo ya bibi ilikuwa ya bluu. Mashavu ya bi arusi yalikuwa ya bluu, na gauni lake pia. Mwanga ulikuwa umepiga turubai, ukarudi na rangi yake. Kampala kuta za studio zilikuwa nyeupe, na ukumbi wa parokia umepakwa chokaa, sikuwahi kujiuliza.

Mahali pengine wangecheka. Kwetu kutosha ni kutoa, na kila ukoo una mtu aliyetolewa majini akiwa amekufa, na wanajua rangi ile. Neno likapita kwenye viti upesi kuliko nilivyoweza kulizuia. Mjomba mmoja akasema bibi asipigwe tena, si vizuri, siku ya furaha kumpiga mtu sura ya maiti. Dereva akapiga honi mara moja.

Nilijua la kufanya, ila lilinitaka niseme nimekosea, mbele ya watu ambao asubuhi nilikuwa nimewatajia diploma yangu mara mbili.

"Maman," nikamwambia yule mama mkubwa, "kosa ni yangu. Si ya maman yako. Nipe dakika tano na kile kitambaa cha meza."

Kitambaa hicho cheupe kilikuwa kwenye meza ya maarusi, na mtu wa protokole, mpanga wageni mwenye glavu na mkanda begani, alikishika kwa mikono miwili. Akasema meza ya heshima haivuliwi nguo wageni wakitazama. Mama mkubwa akamwambia kwamba basi avue shati lake, nalo ni jeupe. Akaachia.

Tulimhamisha bibi na kiti chake hadi ukingo wa hema, akiwa ameelekea ziwani, ambako anga lilikuwa bado na mwanga safi. Wanawake wawili walikishika kitambaa upande wa pili, mbali kidogo na shavu lake, kimrudishie mwanga mweupe. Flashi nikaizima. Bi arusi akapiga magoti kando yake, na gauni likagusa mchanga. Nikaegemeza viwiko mbavuni. Honi ya pili. Nikapiga tatu tu.

Nikampelekea bibi kamera. Akaitazama kwa karibu sana.

"Ile ya karte ya kura nilikuwa na njaa," akasema. "Hii ndiyo miye."

Mama mkubwa hakuniomba radhi, wala sikungoja. Alikwenda kuwapanga watu mstari kwenye ukingo wa hema, koo zote mbili, akiwafokea wenye kusukumana. Gari liliondoka likiwa limechelewa kidogo.

Kwenye warsha nilieleza kosa langu lote. Mzee akasema ni lake pia, enzi zake filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe na hakuna aliyewahi kumlalamikia bluu. Leo somo la flashi nalifundisha mimi, na ninaanza na turubai.

Siku niliyolipwa, niliwalipa wote kabla sijala. Mwenye saluni alizipokea pesa zake akiwa na kitana mdomoni. Fundi alifuta mafuta mikononi kwanza. Shangazi nilimkuta mchangani. Akahesabu polepole, akainua noti moja ya dola juani, akanionyesha mpasuko mdogo pembeni.

"Hii wavuvi watakataa," akasema.

Nikarudi hadi kwa wabadilisha pesa, nikabishana nao, nikaja na noti nzima. Akaifunga pamoja na zingine kwenye pindo la kitenge, akajifuta mchanga, akashuka kwenye maji kuusubiri mtumbwi wa kwanza.