Hongera kwa Kujifungua Salama

Programu za kampuni yetu ya mapishi kule Afungi naziandika mimi, na kazi naijua. Mwenzangu Muanaisha alinisihi nipange mistari kwa utaratibu mmoja, ionekane wazi kila amri iko chini ya sharti gani. Nikamjibu, "Dada, kompyuta haijali urembo."

Jumatatu niliongeza ujumbe wa kuwapongeza wafanyakazi waliojifungua. Katika mparaganyo wangu, amri ya kutuma ilikaa nje ya sharti la "kama amejifungua", nami mtaalamu mzima sikuiona. Nikabonyeza kitufe kwa madaha.

Punde akaingia mpishi mkuu, mzee Ansumane, ndevu mpaka kifuani, simu mkononi, wapishi wote wakicheka nyuma yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "nimezaa wa kiume au wa kike?"