Bunduki ya Risasi Moja na Mke wa Mzungu

Nilipokuwa mtoto, kwetu nyuma ya Diani kuelekea vilima vya Shimba, risasi ikimkosa nguruwe hakuulizwa aliyeipiga. Aliulizwa mkewe.

Ndivyo tulivyoamini. Mwanamume akitoka kuwinda, mkewe na atulie: asifagie, asigombane na mtu, asimpe jirani kaa la moto. Na zaidi ya yote, moyo wake usitoke nje ya nyumba. Ukitoka, risasi nayo inakwenda kando. Simjui aliyelianzisha jambo hili, lakini nina hakika hakuwa mwanamke.

Siku hizo Uhuru ulikuwa mchanga, na baadhi ya Wazungu wa Diani walikuwa wakiuza vyombo vyao warudi kwao. Mjomba Hamisi, ndugu ya mama yangu, alikuwa akitunza bustani ya mmoja wao. Wenzake walinunua vitanda na redio. Yeye akanunua bunduki. Ilikuwa rahisi kuliko redio, maana hata ilipokuwa mpya ilikuwa bunduki ya wasio na kitu, na kiwanda chake kilikuwa kimeshaacha kuzitengeneza. Ilimeza risasi moja tu. Waikunja katikati kama mtu avunjaye muwa, watia risasi, waifunga, wapiga. Ukikosa, kabla hujatia nyengine nguruwe amekwisha fika kwao na kuwasimulia wenzake.

Mjomba alipanda Kwale, akapata kibali, akarudi akitembea kama chifu. Nguruwe mwitu walikuwa wanatumalizia mihogo. Sisi Waislamu nyama yake hatuigusi, lakini majirani zetu Waduruma walikuja na vikapu na visu, wakangoja kando ya shamba. Jioni ya kwanza nguruwe alitoka peupe, mpana kama mlango. Mjomba akalenga. Pah! Nguruwe akainua kichwa, akamtazama, akaendelea kula.

Jioni ya pili vile vile. Ya tatu risasi ikaua papai.

"Nguruwe wakimwona Hamisi humwamkia shikamoo," alisema mmoja wa wale wa vikapu, na kijiji kizima kikacheka. Kisha kicheko kikaisha, watu wakamgeukia Mejumaa.

Mejumaa alikuwa mkaza mjomba wangu, mke wa Hamisi, ametoka Msambweni, ndoa yao bado changa. Kosa lake lilikuwa kucheka kwa sauti, na kuwa mzuri. Bi Mwanakombo, jirani yetu ambaye miye nimemrithi mdomo, alimwanza kisimani mbele ya kila mtu.

"Risasi haipindi bure, mwanangu. Yule muuza kanga wa Kombani alikaa sana barazani kwenu."

"Alikaa kwa sababu nilikuwa nachagua, Bi Mwanakombo."

"Kanga moja, tangu asubuhi hata adhuhuri?"

"Zilikuwa nzuri zote."

Nilicheka. Mejumaa hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nikimpenda sana. Ndiye aliyenisuka bila kunivuta nywele, na ndiye aliyenifichia ukoko wa wali.

Mjomba naye maneno yalimwingia. Akawa hali chakula nyumbani. Siku moja akamwambia, bila kumtazama, "Ijumaa nitakusindikiza kwenu ukapumzike kidogo." Hata mimi, meno ya mbele sina, nilijua kupumzika huko ni kupi. Mejumaa alifunga mzigo wake akauweka mlangoni, pale ambapo kila aingiaye lazima auruke.

Alhamisi Bibi, mama yake mjomba, akaita watu barazani. Bi Mwanakombo hakuhitaji kuitwa. Bunduki ikalazwa mkekani katikati yetu kama mgonjwa. Bibi akatafuna tambuu yake taratibu, kisha akauliza:

"Hamisi, kitu hiki umekitoa wapi?"

"Kwa yule Bwana wangu wa Diani, mama."

"Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Yuko wapi?"

"Alitangulia kurudi kwao."

"Akamwacha mume peke yake?"

"Ndiyo, mama."

Bibi akatema tambuu. "Sasa nielezeni, enyi wenye akili. Mejumaa bunduki hii imemjua juzi. Yule mwanamke imekaa naye nyumba moja miaka na miaka. Ikipinda, inapindishwa na mke yupi?"

"Subhanallah!" Bi Mwanakombo akashika kifua.

Mjomba alifungua kinywa, akakifunga. Nilimwona. Akautazama ule mzigo mlangoni, kisha akasema polepole, "Yaweza kuwa, mama."

Kufikia alasiri muuza kanga alikuwa amesahauliwa. Kijiji kilikuwa na jambo kubwa zaidi, lililovuka bahari. Mke wa Mzungu yuko na nahodha wa meli. Hapana, yuko na daktari. Bi Mwanakombo aliwapatanisha: nahodha kwanza, daktari baadaye.

Bibi akaamuru bunduki itolewe katika nyumba ya yule mwanamke iingizwe katika yetu, kama aingizwavyo bibi harusi. Ikafukizwa ubani, ikanyunyiziwa marashi, na Mejumaa akaambiwa aibebe mwenyewe avuke nayo kizingiti. Haikuwa na risasi, mjomba hakuwa mwehu. Mejumaa alijitahidi asicheke, mabega yakitikisika, akajikwaa kwenye mzigo wake mwenyewe. Bunduki ikaanguka, mdomo mbele, juu ya jiwe la mlangoni. Kum!

Nilidhani basi, Mejumaa amekwenda kwao.

"Imebisha hodi," Bibi akasema. "Ina adabu. Pakueni wali."

Ijumaa hakusindikizwa mtu. Jioni mjomba aliingia shambani, nguruwe akatoka. Pah! Akaanguka pale pale. Wenye vikapu walipiga vigelegele kama wanawake. Mjomba alirudi nyumbani, akaketi sakafuni, akaufungua ule mzigo kwa mikono yake, kanga moja moja.

Miaka mingi baadaye, kabla hatujairudisha bunduki serikalini, mwanangu aliyekuwa askari aliitazama akacheka. "Mama, hiki kichuma cha mbele cha kulengea kimegongwa. Kilikuwa kimelala upande, kikagongwa kikasimama." Nikampelekea Mejumaa habari hizo. Alikuwa mkongwe, mjane, kicheko kile kile.

"Kumbe ilikuwa bunduki tu, mkaza mjomba," nikamwambia. "Na yule muuza kanga?"

"Bunduki ilikuwa kombo," akasema. "Na muuza kanga alikuwa mzuri."

Kisha akaniambia nisilolijua. Mke wa Mzungu aliondoka kwa sababu ya homa. Mjomba mwenyewe alimbeba hadi garini, anatetemeka, mwepesi kama mtoto. Neno moja tu lingemsafisha, naye mjomba siku ile barazani alilimeza.

Nimelifikiria sana. Bibi hakuweza kuwaambia watu kwamba imani yao ni upuuzi. Pengine mwenyewe aliiamini. Alichoweza ni kuugeuza mdomo wa ile bunduki utazame mbali, kwa mwanamke asiyeweza kusikia. Na mjomba alikuwa akitafuta mlango wa kubaki na mkewe. Alipofunguliwa, akapita.

Lakini yule mama wa Kizungu niliwahi kumwona. Alinipa utepe mwekundu wa nywele siku nilipompelekea mjomba chakula, akaufunga mwenyewe, vibaya, huku akicheka. Kwa hiyo kila nikisimulia kisa hiki husema wazi: aliondoka kwa homa, maskini, hakuwa na kosa. Wasikilizaji hunitazama kama waliopewa chai bila sukari. Wanamtaka nahodha.

Nami, Mungu anisamehe, huwapa nahodha. Daktari namwacha.