Pedali ya Manjano Iliyowekwa Wakfu

Kanisa letu la Changamwe lina desturi moja, na sijui kama makanisa mengine yanayo. Mtu akipewa kazi, kwanza lazima aikatae. Ukiambiwa uongoze maombi unasema, "Sistahili, wako wanaojua kunishinda." Ukiambiwa ushike hazina unasema hesabu hukuzielewa tangu shuleni, hata kama una duka na unauza kila siku. Watu wanacheka kidogo, wanapiga makofi, unainuka na kazi unaifanya. Anayekubali mara moja anaonekana ana kiburi. Mimi mwenyewe nimekataa hivyo mara nyingi bila kumaanisha, kwa hiyo sina haki ya kumlaumu mtu kwa yaliyonipata. Naandika tu yalivyokuwa, na pengine kuna mahali nitakosea.

Vijana wa kwaya walikuwa wameomba gitaa la umeme litiwe distosheni, yaani ule mkwaruzo unaofanya nyuzi zingurume kama lori linalopanda mlima. Nyimbo wanazozipenda siku hizi zina sauti hiyo, na gitaa letu lilikuwa likilia safi tu, kama la zamani. Mpiga gitaa ni mimi. Kamati ikakubali inunuliwe pedali, kile kijisanduku cha chuma unachokikanyaga kwa mguu na sauti ya gitaa ikabadilika. Baada ya ibada tukaketi kikao, na mama mlezi wa kwaya akaniangalia mimi.

"Baba, utatuchagulia wewe. Wewe ndiye mwenye sikio."

Nikasimama. "Mama, naomba mtume mtu mwingine. Masikio yangu hayasikii vizuri."

Wakapiga makofi. Nyuma kuna mtu alisema, "Amina!"

"Nasema kweli," nikasema. "Kuna sauti hazinifikii kabisa."

"Jamani, oneni unyenyekevu," akasema mama mlezi. "Vijana, jifunzeni." Kikao kikafungwa kwa maombi.

Nilikuwa nimesema kweli. Kazi yangu ni kwenye yadi ya makontena. Tunanyoosha yaliyobonyea kwa nyundo, tunakata kutu kwa grinda, mashine ya kusagia chuma, na kinga ya masikio ni pamba ukikumbuka kuibeba. Nilikuwa nimeanza kuona mambo nyumbani. Simu yangu ilikuwa ikilia mezani na mke wangu anatoka jikoni kuniletea. "Inalia mpaka majirani wanataka kuipokea," alikuwa akisema. Jioni akilalamika kwamba nyenje wanampigia kelele, mimi nilikuwa nikisikia kimya tu. Alinitilia masikioni mafuta ya simsim ya uvuguvugu, tukingoja uchafu utoke. Hakikutoka kitu.

Kilichonitia hofu si simu wala nyenje. Mimi niliishia darasa la nane. Yadini ni mmoja tu katika wengi wanaosaga, na nisipofika siku moja mwingine anashika grinda yangu na kazi haisimami. Gitaa ndicho kitu kimoja ambacho watu huja mpaka mlangoni kuniulizia. Masikio yakienda, gitaa litakwenda nayo, na sijui nitabaki nani. Hilo sikulisema kikaoni. Labda ningelisema hivyo, wangesikia. Au labda wangepiga makofi zaidi.

Nilitaka kwenda dukani na mpiga besi wetu, mtu wa Jomvu Kuu, rafiki yangu wa miaka, mwenye masikio kama ya paka. Lakini wiki ile alikuwa zamu ya mchana bandarini, na Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kuweka vyombo wakfu. Hilo nalo nieleze. Kwetu kitu kikinunuliwa kwa ajili ya kanisa, kinaletwa mbele, kinaombewa, na tangu hapo ni cha Mungu. Hakiuzwi wala hakirudishwi dukani.

Basi nikaenda peke yangu, Kongowea, upande wa Frere Town, kwa mzee mmoja anayeuza ala zilizotumika: vinanda, spika, ngoma za kizungu. Ni mtu wa Mvita wa asili, mwenye kofia nyeupe safi, na ujanani alipiga kinanda kwenye arusi nyingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniulizia nyumbani, kazi, mvua ya huko kwetu, ndipo akaniuliza shida yangu.

Akanitolea mbili. Moja nyeusi, moja ya manjano. Akaniunganishia gitaa nililokwenda nalo na ampi ndogo ya kukuzia sauti, akakaa kwenye kigoda.

Nikaanza na nyeusi. Nikapiga kipande cha wimbo wa kutolea sadaka, kwa kuwa hicho vidole vyangu vinakijua vyenyewe. Sauti ilikuja nzito, imejifunika, kama mtu anayezungumza na mto usoni. Nikaunganisha ya manjano, nikapiga kipande kilekile.

Sijui nitaelezaje. Nilisikia nyuzi. Nilisikia kidole kikiteleza juu ya waya, jambo nililokuwa nimelisahau kabisa kwamba lina sauti. Nikajiambia, kumbe masikio ni mazima, gitaa ndilo lilikuwa bovu.

Mzee alikuwa amefumba jicho moja.

"Hicho kikali, mwanangu. Kirudishe hicho kifundo cha mwisho."

Pedali ina vifundo vitatu vya kuzungusha: kimoja cha kukuza sauti, kimoja cha kuongeza mkwaruzo, na cha mwisho cha kuifanya sauti iwe nene au nyembamba. Nikarudisha kidogo kile cha mwisho. Zile nyuzi zikazama. Nikakizungusha tena mpaka mwisho, zikarudi.

"Wewe wasikia nini?" nikamuuliza.

"Nasikia kama natobolewa jino."

Akacheka, nami nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa dukani. Halafu nikaingiwa na shaka, nikamwambia, "Mzee wangu, mimi masikio yangu siyaamini. Nichagulie wewe."

Akanitikisia kidole. "Aaa! Nimeshakujua. Nyinyi watu wa Changamwe mna mbinu. Mwajifanya hamjui kitu, ili mtu akuoneeni huruma apunguze."

"Si bei, mzee."

"Si bei! Kila aingiaye hapa huniambia si bei. Haya, nimepunguza. Umeridhika?"

Na akapunguza kweli. Nilisimama pale nimeshika gitaa la kanisa, sijui niseme nini ili niaminiwe. Nisimdhulumu yule mzee: aliniambia ni kali, na aliniambia mapema. Lakini na mimi nilikuwa na masikio mawili, na siku ile masikio hayo yalikuwa yamefurahi, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Nikachukua ya manjano.

Jumapili ikawekwa kwenye meza ndogo mbele ya madhabahu, juu ya kitambaa cheupe, pamoja na sufuria mpya za akina mama na sahani za karamu. Mchungaji aliziombea sufuria kwa ufasaha, maana sufuria anazijua. Alipofika kwenye pedali alisita, akaiwekea mkono, akasema, "Na hiki pia, Bwana, ukijua matumizi yake." Kanisa zima likaitika Amina.

Nikaiunganisha. Kanisani hatuna ampi ya gitaa, waya unakwenda kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na kutoka huko unaingia kwenye spika kubwa mbili za ukutani. Kile kifundo cha mwisho nikakizungusha mpaka kikagota. Wimbo wa vijana ukaanza, ngoma zikaingia, besi ikaingia, nikakanyaga.

Ilikuwa tamu, na siwezi kuandika vingine. Nilipiga macho yamefumbwa, na nilipoyafumbua niliona mikono inapanda kanisa zima, benchi hadi benchi. Nikasema moyoni, leo Roho ameshuka. Nikaongeza. Halafu nikaona kwamba mikono haipiti masikioni. Inafika pale na kukaa. Mama mlezi alikuwa ametabasamu, lakini kwa meno, na mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka shingoni. Mtoto mchanga alikuwa amefungua mdomo wote, na mama yake akatoka naye nje akiinama kama mtu anayekwepa mvua. Niliuona mdomo wa yule mtoto. Kilio chake sikukisikia.

Mpiga besi akaja kando yangu huku akipiga, akainyoosha shingo. "Ndugu yangu, grinda umekuja nayo mpaka huku?"

Nikaondoa mguu.

Watu walipotawanyika alibaki kunisaidia kukunja waya, na mke wangu akabaki kungoja. Bado alikuwa na mzaha. "Wiki nzima unasaga, na siku ya saba unasaga. Hata Mungu alipumzika, bwana!" Mimi sikucheka. Nikamwambia kwangu ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu. Akaniangalia vizuri, akauacha waya chini.

"Geukia ukuta," akasema. "Mimi nitapiga gitaa, nizungushe kile kifundo. Ukisikia sauti imebadilika, inua mkono."

Nikageukia ukuta. Akapiga noti moja, akairudia, akairudia. Nikangoja. Ukuta wetu una ufa mdogo uliozibwa kwa saruji, nikawa nautazama ule ufa. Noti ilikuwa ileile, na nikawa najiuliza mbona haanzi. Nikahisi nimesikia kitu, nikainua mkono nusu, nikaushusha kwa sababu sikuwa na hakika na sikutaka kudanganya.

"Basi," nikasikia mke wangu akisema. "Inatosha, mwache."

Nilipogeuka, rafiki yangu ameshika gitaa kama mtu aliyepewa mtoto na hajui kumbeba. "Nimekizungusha kutoka nusu mpaka mwisho," akasema polepole. "Mara mbili." Hakutania tena siku ile, na ningependa angetania.

Wiki hiyo nilikwenda hospitali. Aliyenipima alikuwa mtu mwema, alinieleza kwa kuchora: sauti nyembamba za juu ndizo zimekwenda, na zilizokwenda hazirudi, nizilinde zilizobaki. Ndipo nikaelewa kile nilichofanya dukani. Ile ya manjano ilikuwa na ukali wa kuwatoboa wengine, na kwangu ukali wote ulifika umepungua, ukawa sawasawa tu. Nilichagua kwa haki, lakini nilijichagulia mimi peke yangu, na kanisa lilikuwa na watu wengi.

Kuirudisha haikuwezekana, imeshaombewa. Kwa hiyo kikao kilichofuata nilisimama kabla hata sijaulizwa. Nilikuwa nimejipanga maneno. Nikasema hospitali wamenipima, sisikii sauti za juu, gitaa apewe mwingine, yuko kijana anayejifunza na anajua vya kutosha.

Makofi yakaanza. Nikainua mikono yote miwili. "Jamani, msinipigie makofi!"

Yakazidi.

"Anasema kweli," mpiga besi akadakia. "Mimi mwenyewe nimemjaribu."

"Na wewe unamsaidia rafiki yako kunyenyekea!" mama mlezi akasema, akipangusa macho kwa leso. "Baba, kwa sababu ya Jumapili moja? Sisi hatujakukataa. Hatutakukataa."

Nisimseme vibaya. Alisema kwa upendo, na wote waliopiga makofi walipiga kwa upendo, nami nikakaa chini. Nimejiuliza sana kama nilikaa kwa sababu nilishindwa kueleza au kwa sababu neno lile la kutokukataliwa lilinifaa. Sijui. Nadhani ni yote mawili, na siwezi kupima lipi zaidi.

Sasa kila Jumapili mpiga besi anakuja mapema, anainama, anakiweka kile kifundo mahali ambapo watu wanaweza kuvumilia, na mimi sikigusi. Nikikanyaga pedali, gitaa langu linakwenda mbali. Najua ninapiga nini kwa kuwa vidole vinajua, lakini kinachonirudia ni mvumo tu, mnene, hauna kingo. Namtazama rafiki yangu. Akiitikia kwa kichwa naendelea, akikunja uso napunguza. Vijana wanasema imetulia, inanguruma vizuri. Wanakuja kunipa mkono.

Jumapili iliyopita tulipofika nyumbani nilimfuata mke wangu jikoni, alikuwa akiunga maharagwe kwa nazi.

"Leo ilikuwa vipi?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi? Niambie ilivyokuwa."

Akakoroga, akafikiri. Nilimwona anatafuta kwa dhati. "Mimi si mtu wa magitaa, baba watoto. Ilikuwa nzuri. Watu waliimba."

"Mimi niliisikia kama inapigwa nyumba ya pili."

"Basi huko nyumba ya pili," akasema, "walipiga vizuri." Akanipa kijiko nionje chumvi.