Chai Niliyoionja Kabla ya Mgeni

Miguu ndiyo iliyochoka kwanza. Nilidhani ningeiweza Japani kwa sababu ya magoti. Mimi ni mwanamke wa Kisukuma, nimezaliwa Zagayu, na tangu utoto nimepiga magoti mbele ya kila mkubwa niliyemsalimia. Lakini kwetu mtu hupiga magoti, husalimu, huitikiwa, kisha huinuka na kuendelea na ndoo yake. Kule nilikalia visigino vyangu juu ya mkeka mnene wa majani, mgongo wima, nikijifunza namna ya kumpa mtu bakuli la chai. Nikiambiwa nisimame, nilikuwa sina miguu.

Nilikuwa mtumishi wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, Bariadi, enzi hizo ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Serikali ilikuwa imefungua soko. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na malori yao na mizani yao, wakalipa papo kwa papo, na maghala yetu yakabaki na popo. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba msimu ukiisha watumishi watapunguzwa. Katikati ya habari hizo ikaja nafasi ya kozi ya majira ya joto Japani, kuhusu ushirika wa wakulima. Wenzangu waliikwepa. Waliogopa kwamba asiyekuwepo ndiye atakayekatwa wa kwanza.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya jambo moja. Nilikuwa nimesikia kwamba kozi ikiisha, mshiriki mmoja huchaguliwa kubaki mwaka mzima kwa masomo zaidi, na hupewa posho. Nilikuwa mjane, nimewaacha watoto wangu wawili kwa mama yangu. Kazi ya Bariadi ikifa, posho ile ingewaweka shuleni. Nilipopanda ndege sikuwa na hamu ya kuiona dunia. Nilikwenda kutafuta mwaka mmoja.

Asubuhi tulisomeshwa ushirika katika chuo kidogo, feni zikizunguka bila kutupoza. Joto la kule si kama letu. Letu ni kavu, linakupasua midomo basi. Lile lilikuwa na maji ndani yake, linakuvaa kama shati lililofuliwa likakosa jua. Alasiri tulifundishwa mila zao: kuandika kwa brashi, kupanga maua, kuvaa kanzu za pamba za majira ya joto na kuzifunga mkanda. Wadudu walipiga kelele mitini toka tulipoamka hadi jua lilipozama.

Nilipangiwa kulala kwa mwalimu wa chai, mama mzee mwembamba aliyeishi na mkwewe, mke wa mwanawe. Mkwe huyo alijua Kiingereza, kwa hiyo kila neno la mwalimu lilinifikia kwa mdomo wake. Nyumba yao ilipakana na majaruba ya mpunga, na kama si milima nyuma yake ningesema niko kwetu, kwenye mpunga wa Mwamanyili. Kila jioni, wengine wakienda kupumzika, mwalimu aliniita chumba cha chai turudie. Kukunja kitambaa cha hariri. Kupangusa kijiko cha mwanzi. Kusuuza bakuli, kulikausha, kutia unga wa kijani wa chai, kuchota maji ya moto kwa kata, kupiga kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka povu lipande. Kulizungusha bakuli ili upande wake mzuri umtazame mgeni.

"Mwalimu anasema mkono wako una haraka," mkwe aliniambia.

"Mwambie mkono wangu umechoka."

Akamwambia. Mzee akajibu maneno mawili matatu. "Anasema vizuri. Mkono uliochoka hauna majivuno. Rudia."

Tulikuwa Watanzania wawili kwenye kozi ile. Mwenzangu alikuwa Mzaramo kutoka wizarani Dar es Salaam, mtani wangu kwa hiyo, na utani wake haukujua mipaka ya nchi.

"Mtani, unavyokaa hapo kama unakamua ng'ombe," alininong'oneza siku ya kwanza darasani.

"Nyamaza wewe. Kwenu mmejua nini zaidi ya ngoma na madafu?"

"Madafu ni chakula cha wastaarabu. Nyie na michembe yenu, mnatafuna viazi vikavu kama mbuzi, mtaijulia wapi chai?"

Yeye hakuitaka ile nafasi ya mwaka. Alikuwa akihesabu siku za kurudi kwa mkewe, na alisema wazi kwamba samaki mbichi wamemshinda. Alijua mimi naitaka. Kila aliponitania alimalizia kwa kuniuliza kama nimefanya mazoezi.

Maana mchaguzi alikuwa mzee mmoja mwenye kiwanda cha nyuzi, ndiye aliyeitoa posho. Ujanani alisomea chai kwa mwalimu wangu. Desturi yake ilikuwa kuja siku ya mwisho, kukaa kama mgeni, na kuhudumiwa chai na wale waliopendekezwa na walimu. Aliamini kwamba pale humwona mtu vizuri kuliko kwenye mtihani. Mwalimu wangu alinipendekeza mimi. Mkwe alinidokeza jikoni huku tukimenya matango: "Hajawahi kumpendekeza mshiriki yeyote. Tafadhali, kuwa mwangalifu."

Siku chache kabla ya hiyo siku ya mwisho zilikuwa siku zao za kuwapokea wafu. Waliweka taa mlangoni, wakapanga wali, matunda na chai mbele ya kabati dogo lenye picha ya mume wa mwalimu. Mwalimu alizungumza na ile picha kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mumewe kwamba bomba linavuja. Jioni watu wa mtaa walicheza kwa kuzunguka jukwaa la ngoma, wazee mbele, hatua zilezile. Nilizunguka nao. Mama yangu ni Mkatoliki, lakini nimemwona mara nyingi akimwaga tone chini kabla ya kunywa, bila maelezo. Nilipotoka pale uwanjani nilijiona kama mtu aliyefika kwa ndugu. Nadhani hapo ndipo nilipolegea.

Siku ya chai wageni waliketi kwa mstari: mzee wa kiwanda kwanza, baada yake mkuu wa chuo, halafu washiriki wengine, Mzaramo wangu mwishoni kabisa, jasho likimtiririka. Mwalimu alikaa pembeni, hakunitazama. Sikuwa nimelala vizuri. Nilipangusa kijiko, nikasuuza bakuli, nikakausha. Mkono haukuwa na haraka. Nilisikia maji yakitoa mlio kwenye chungu na nikawaza jambo moja tu, kwamba nikimaliza hili nitapumzika.

Povu likapanda vizuri. Nikachukua bakuli kwa mikono miwili, nikaliinua, nikaonja.

Fundo moja dogo. Nikafuta ukingo kwa kidole gumba, nikalizungusha bakuli kama nilivyofundishwa, nikaliweka mbele ya mzee.

Kwetu hakuna anayefikiri kuhusu jambo hili. Ukimpa mgeni pombe au togwa au uji, unaonja kwanza mbele ya macho yake. Usipoonja, umemweka mahali pabaya: ama anywe kwa hofu ama akukatalie, na vyote viwili ni aibu yako. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Mkono wangu ulikuwa umechoka, ukaenda ulikozoea.

Nilijua nimekosea nilipoona mgongo wa mwalimu. Haukusogea, lakini ulikuwa mgongo wa mtu mwingine. Mzee wa kiwanda alilitazama bakuli. Nje wadudu hawakunyamaza hata kidogo. Kule mwishoni Mzaramo alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mzee akauliza kitu. Mkwe akanitafsiria, uso mwekundu. "Anauliza, kwenu ndivyo inavyofanywa?"

Ningeweza kusema ndiyo, nikanyamaza. Lakini nimezoea kueleza mambo kwa mpangilio, chanzo chake na sababu zake. "Ndiyo," nikasema. "Anayetoa kinywaji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakina sumu."

Mkwe akasita. "Niseme hivyo?"

"Sema hivyo hivyo."

Akasema. Nikaona lile neno linavyoingia chumbani. Katika chumba ambacho mtu akikiingia huvua viatu na saa, ambacho zamani hata askari waliacha panga zao nje yake, nilikuwa nimeingiza sumu. Mzee aliinamisha kichwa kwa adabu kubwa. Mwalimu akasema maneno machache bila kugeuka.

"Tengeneza nyingine," mkwe akatafsiri.

Nikatengeneza nyingine. Ilikuwa sahihi kila hatua. Mzee aliinywa yote, akalisifu bakuli, akauliza lilitoka wapi kama inavyotakiwa. Adabu yake haikuwa na kasoro, na kwa hiyo nilijua nimeukosa ule mwaka.

Tulipotoka uani Mzaramo alinifuata. "Mtani, umemwonjea mzee wa watu kama pombe ya matanga!"

Akanitazama, akaacha kucheka.

"Pole," alisema. "Pole sana, dada. Na mimi ningeonja. Wallahi ningeonja."

Nafasi alipewa mwanamume mmoja kutoka nchi jirani na Japani, mtu mtulivu, alistahili. Waliitangaza kabla ya chakula cha kuagana. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kesho yake nilimsaidia mwalimu kufunga vyombo kwenye masanduku yake. Nilimwomba radhi kupitia mkwe. Alikuwa akikausha bakuli, hakuacha.

"Anasema hukuwa na ubaya," mkwe aliniambia. "Anasema lakini ulipangusa kila chombo mbele ya mgeni. Kijiko, bakuli, vyote. Anauliza, ulidhani tunapangusa kwa nini, wakati vilikuwa safi tangu jikoni?"

Sikujua. Nilidhani ni utaratibu tu.

"Anasema ndiyo njia yetu ya kuonja. Mgeni ameshaona, ameshaamini. Ukionja tena, ni kama hukuamini kupangusa kwako mwenyewe."

Hakulainisha sauti, wala hakunishika bega. Alinipa kitambaa nikaendelea kukausha. Nilitamani angeniambia hayo mwanzoni, na yeye huenda alitamani mimi ningeuliza. Tuliendelea na kazi hadi masanduku yakajaa.

Bariadi nilifika kwenye vumbi la mwisho wa msimu. Bosi wangu alinikuta mlangoni mwa ofisi, akanisalimia vizuri, akaniambia hapohapo tukiwa tumesimama. Nilikuwa miongoni mwa wanaopunguzwa. Aliniuliza Japani kukoje. Nikasema kuna joto.

Zagayu nilifika jua likielekea kuzama. Mama alikuwa nje ya nyumba na watoto wangu, wakichambua pamba, nyeupe kando, yenye madoa kando. Nilipiga magoti.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Umekonda. Kwani Wajapani hawali?"

"Wanakula, mama."

Nilimweleza yote, palepale chini, mikono yangu ikiingia yenyewe kwenye pamba. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilipofika kwenye bakuli alitikisa kichwa.

"Na lile la kwanza, ulilolionja, mzee alilinywa?"

"Hapana. Lilirudishwa jikoni likamwagwa."

"Wakamwaga." Alitafakari, akachomoa jani kavu kwenye pamba. "Na mwaka wenyewe?"

"Kapewa mwingine."

"Na kazi ya Bariadi?"

"Imekwisha."

Binti yangu mkubwa alikuwa ameacha kuchambua. Aliuliza kama atarudi shule muhula ukianza. Mama alinitazama, nami nikamtazama mama. Gunia lilikuwa limejaa nusu, na tulikuwa tumesikia kwamba lori la mnunuzi litapita Mwamapalala mwishoni mwa juma.

"Sijui," nilimwambia. "Sogeza gunia huku."