Tangu kontena la taka liondolewe mtaani kwetu, hakuna tena anayemsalimia mke wangu

Wakuu, kwema humu?

Leo nashusha langu. Sio chai ya kutunga, na anayetaka picha atasubiri sana.

Nakaa Mtendeni, Tabora mjini, nyumba ya kupanga. Nauza spea za baiskeli. Tulihamia hapa kutoka Goweko mimi na mke wangu Yustina, kilimo cha tumbaku kilipotuchosha. Hata majina ya majirani tulikuwa hatujayashika, Yustina akaugua, akafariki.

Tukamzika Goweko. Msiba wote ulikuwa kule: turubai, vilio, ugali wa msibani, kila kitu. Niliporudi mjini na kufungua mlango, nyumba ilikuwa kama haina habari. Kandambili zake zilikuwa palepale.

Sasa wagane wenzangu mtanielewa hapa. Sijui kusonga ugali wa mtu mmoja. Napunguza maji, mkono unamwaga unga kwa mazoea, unatoka uleule wa wawili. Kila siku unabaki.

Na mtaani kwetu ugali hautupwi na taka. Palikuwa na kontena la chuma, limekula kutu, pembeni lina ndoano. Mwenye kiporo anakifunga kwenye mfuko safi, anatundika hapo, mwenye mifugo anachukua. Hakuna aliyetutangazia, ndivyo tulivyozoea.

Najua wengi mnapita kwenye kontena mmeziba pua. Kwangu mimi ilikuwa ndiyo baraza. Hakuna anayejivuna akiwa kashika ndoo ya maganda, kwa hiyo pale watu wanasalimiana vizuri kuliko popote.

Mfuko wangu alikuwa anauchukua Mama Shija, mama mtu mzima anayefuga bata. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akaupima mfuko mkononi.

"Ugali wote huu baba, mama nyumbani hajambo kweli?"

Nikajikuta nimesema, "Hajambo. Siku hizi anakula kidogo tu."

"Haya, msalimie."

Wakuu, sikupanga kudanganya. Ila ile "msalimie" niliibeba mpaka nyumbani, nikaisema kwa sauti chumbani. Ikawa desturi. Kila asubuhi natundika ugali, napewa salamu, naifikisha. Kwa mtu mmoja hapa mjini Yustina alikuwa bado hai, na mtu huyo nilimpata jalalani.

Halafu likaja gari, likalibeba kontena. Tukaambiwa sasa taka zitafuatwa nyumba kwa nyumba. Mtaa mzima ukafurahi, na kusema kweli harufu imeisha.

Mimi nikabaki na ugali wangu. Sina wa kumpa, sina wa kuniulizia mtu. Upweke ulinikaba kuliko hata wiki ya mazishi.

Jumapili moja nimetoka misani, nasikia hodi. Ni Mama Shija, kauliziaulizia mpaka kafika.

"Bata wananisumbua, baba. Na huyu mama namtumia salamu siku zote, sura simjui. Yuko wapi nimwone?"

Nilitamani kusema kasafiri. Mdomo ukagoma. Nikamwambia ukweli, kwamba amelala Goweko tangu kabla sisi wawili hatujajuana.

Nilingoja anigombeze. Akavua viatu, akauliza mkeka uko wapi. Akautandika mwenyewe, akakaa chini, akaniuliza, "Aliitwa nani?"

Nikamtajia.

Akaanza kulia, kilio cha msibani kabisa. "Yustina mwanangu, nimechelewa. Nimechelewa mwanangu."

Ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kumlilia. Hata mimi, nilijikaza huko Goweko na kurudi hapa kuendelea kujikaza. Nikakaa kwenye mkeka, nikalia.

Baadaye nikasonga ugali, uleule wa wawili. Tukala na mlenda. Sufuria likabaki jeupe, bata siku hiyo hawakupata kitu.

Wakati anaondoka akageuka mlangoni. Kwa mazoea akasema, "Msalimie."

Tukatazamana.

"Zimefika, mama," nikamjibu.

Nilichojifunza ni hiki: mkimzika mtu kijijini, rudini mkamlilie na kule alikokuwa anaishi. Nyumba za kupanga nazo zinafiwa.

Je, kwenu kontena bado lipo? Mnasalimiana hapo au kila mtu na pua yake? Na mwenye kipimo cha ugali wa mtu mmoja aniwekee hapa chini, maana jana umebaki tena.