Trafiki wa Simu

Jina la utani ndilo lililotaka kumuua binti yangu Dhahabu, na jina lenyewe alipewa kwa kicheko, mlangoni kwangu, mtaa wa Shika Adabu, Likoni, na mtu aliyempenda.

Alipomaliza kidato cha nne aliajiriwa kwenye mtambo wa simu, upande wa Changamwe. Nilidhani atavaa vile vidude vya masikioni aseme, "Subiri nikuunganishe." Kumbe walimtia chumba cha mita. Alinieleza kwamba ukuta mzima ulijaa vigurudumu vya tarakimu, kila mwenye simu na chake, na mtu akiongea kigurudumu chake kinaruka. Mwisho wa mwezi waliupiga ukuta picha, wakatoa tarakimu za mwezi uliopita, kilichobaki ndiyo bili. Baadaye ikaletwa kompyuta. Hiyo iliandika yenyewe simu gani imepiga, imempigia nani, imeanza lini na imechukua muda gani. Maneno haikuandika. Hilo alilirudia mara nyingi.

Pia aliangalia njia. Simu za kwenda bara zina njia zake, na zikijaa, anayepiga husikia tuu, tuu, tuu, basi. Dhahabu alitazama njia zinajaa saa gani na watu wa wapi ndio wanaokosa, ili mafundi waongeze. Msongamano huo, kazini kwao wanauita trafiki.

Siku moja Kadzo, jirani yangu anayeuza mahamri, akamuuliza, "Hivi huko kazini wafanya nini hasa, mwanangu?"

"Nashughulika na trafiki, mama."

Kadzo akacheka mpaka akakaa chini. "Trafiki! Na kofia nyeupe umeiacha wapi? Wazisimamisha simu ukazidai leseni?"

Tangu hapo mtaa mzima ukamwita trafiki wa simu. Mimi sikulipenda. Trafiki ni askari, na mtaani kwetu askari hatajwi kwa mzaha. Lakini nani angenisikiliza? Dhahabu mwenyewe alikuwa akiitikia, "Abee!"

Mwaka wa tisini na tatu alikuja kazini kwao tajiri mmoja wa viazi wa Kongowea, akipiga meza kwa bakora kwamba bili yake ni wizi. Dhahabu akamwonea huruma. Akamsomea kwenye karatasi ya kompyuta namba iliyokuwa ikipigwa kutoka nyumbani kwake kila alasiri, yeye akiwa sokoni. Mzee akalipa, akaenda zake. Jioni ile alimfungia mkewe chumbani akampiga kwa bakora ile ile mpaka jicho likapasuka. Kumbe yule mama alikuwa akimpigia dada yake, ambaye mume alikwisha kumkataza asiseme naye.

Dhahabu alipata habari kwa mpagazi mmoja wa mkokoteni. Alikuja nyumbani, hakula. "Mama, namba ile mimi ndiye niliyempa," aliniambia. "Nikidhani nampa hesabu tu." Akaapa mbele yangu kwamba namba ya mtu hatampa mtu mwingine tena, aje na bakora au aje na bunduki. Nikamwambia asiape hivyo. Kuapa kunaita mambo.

Ikaja Agosti ya mwaka wa tisini na saba. Aliyekuwa Likoni hahitaji kusimuliwa. Vijana walivamia na mapanga na mishale, watu wa bara wakakatwa, vibanda vyao vikachomwa. Kisha wakaja askari, nao wakampiga kila kijana waliyemkuta. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa Mwidani, kijana niliyemlisha ubwabwa kwa mkono wangu kabla hajaota meno. Mdogo wake, Matano, alikuwa amejificha na wenzake kwenye mikoko ya Mtongwe. Askari wakawafuata moja kwa moja. Matano alipigwa risasi ya shingo akafia kwenye tope, na Mwidani ndiye aliyemtoa, amemshika kwapani, kichwa kikining'inia.

Maficho yale waliyajua wao wenyewe tu. Kwa hiyo Mwidani na wenzake wakaamua kuna mtu wa mtaani aliyewaona, akawapigia askari simu.

Simu ya kulipia mtaani kwetu ilikuwa moja tu, dukani kwa Margret, fundi cherehani wa kutoka bara. Duka lilikuwa limefungwa na wote waliamini ametoroka. Alikuwa hajatoroka. Alikuwa amelala chini ya kitanda cha Kadzo, ukuta kwa ukuta na jiko langu. Nilijua mimi, Kadzo na Dhahabu.

Walikuja adhuhuri, nikikuna nazi uani. Niliwaona tangu kichochoroni, maana siku hizo nilikaa nikielekea njia. Sikupata nafasi hata ya kusimama.

"Mama, hodi," alisema Mwidani. Nyuma yake walikuwa vijana wengine, sura ngeni, mapanga hawakuyaficha.

"Karibu, mwanangu. Pole kwa msiba."

"Trafiki yuko wapi?"

"Mwidani, hilo ni jina la mchezo. Wewe mwenyewe ulikuwa..."

"Trafiki ni askari," akadakia mmoja wa wale wageni. "Anasoma simu za watu, akawapelekea wenzake."

Dhahabu akatoka ndani, kanga kifuani. "Simu haisomwi, ndugu zangu. Inayosomwa ni mita. Mashine inaandika nani kapiga, kapiga wapi, dakika ngapi. Maneno haina."

Nikaona macho ya Mwidani yamebadilika. Mwanangu alikuwa amesema kweli, na kweli imezidi.

"Inaandika kapiga wapi?"

Dhahabu akaifunga kanga upya.

"Basi inamjua aliyewapigia askari siku ya Matano."

"Kama yupo, inamjua."

"Na kesho waingia kazini."

"Naingia."

"Uniletee hiyo namba."

"Sileti."

Alimpiga kofi lililomtupa kwenye ukuta. Yule mgeni akamvuta nywele akamrudisha, akampiga teke la tumbo. Mimi nilikuwa nimemshika Mwidani miguu. "Sema utaleta!" nilimlilia mwanangu. "Dhahabu, sema utaleta tu!" Nilitaka adanganye wajiondokee. Kesho ningejua la kufanya.

"Nikisema nitaleta, mama, kesho atakuja kuichukua." Damu ilimtoka puani ikamwingia mdomoni.

Mwidani akachutama mbele yake, akasema naye polepole, kama walivyokuwa wakicheza bao utotoni. "Da Dhahabu. Huna haja ya kuleta kitu. Ni simu ya Margret, sivyo? Tikisa kichwa kukubali tu. Kwetu hapa kuna simu gani nyingine?"

Kutikisa kichwa tu. Nyuma ya ukuta ule Margret alikuwa akisikia kila neno. Nilimwomba Mungu mwanangu asitazame upande wa Kadzo, na hapo hapo, wallahi, nilimwomba atikise kichwa. Niliomba yote mawili.

"Sijui," alisema Dhahabu. "Na nikijua sikwambii."

"Waandikia mkono gani?"

Jibu Mwidani alilijua, maana alisoma naye darasa moja. Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya kibao cha mbuzi yangu ya kukunia, kwenye machicha ya nazi. Mchi waliutoa jikoni kwangu, mchi niliotwangia pilipili tangu yeye mtoto. Nilikuwa nimekandamizwa chini na goti la mtu shingoni, kwa hiyo sikuona ulivyoshuka. Nilisikia mfupa. Ukashuka tena. Dhahabu alipiga ukelele mmoja, kisha akatoa sauti ambayo mtoto wangu hakuwahi kuitoa hata homa ilipomshika, na machicha yakawa mekundu.

Ndipo Kadzo akatoka kwake akipiga mayowe, "Askari! Askari washafika bombani!" Hakukuwa na askari. Lakini wakakimbia, na mchi wangu wakaenda nao.

Siku hiyo hiyo Margret alivuka feri amevaa buibui langu, na Kadzo amemshika mkono kama mgonjwa. Daktari aliunganisha alichoweza. Vidole viwili vya mwanangu havikunjiki mpaka leo.

Alirudi kazini kabla plasta haijatolewa, nikimkataza. Jioni alikaa karibu nami, akasema taratibu, "Nimetazama, mama. Kwa ajili yangu, si kwa ajili yao. Hakuna. Wiki ile mtaa wetu haukuwapigia askari hata mara moja. Njia za bara ndizo zilizojaa mpaka zikakataa. Watu walikuwa wakiwapigia wa kwao, kuwaambia wako hai."

Nikainuka kutafuta kanga. "Nakwenda kumwambia Mwidani. Ajue!"

Alinikamata kwa mkono wa kushoto. "Ukamwambie nini?"

"Kwamba hakuna aliyepiga! Kwamba mdogo wake hakuuzwa, wala wewe..."

"Leo nimjibu hakuna. Kesho atauliza ya siku nyingine, na siku hiyo yuko mtu aliyepiga. Akishajua kwamba najibu, mama, hataacha kuuliza."

Nikakaa.

Mwidani hakurudi kuuliza. Kwa muda alipotea, na nilisikia alipigwa vibaya na askari huko alikojificha. Sasa ni mpagazi Kongowea, anachechemea. Nikienda kununua viazi huniona kabla sijamwona, akashusha mkokoteni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Husubiri kidogo, kama ana neno. Nami neno ninalo, kwamba hakuna aliyepiga, limenijaa mdomoni. Najua lingempa usingizi, au lingemuua kabisa. Kisha namkumbuka Dhahabu, anavyoshika kalamu kwa mkono wa kushoto, nanunua viazi vyangu narudi nyumbani.