Kabla Mama Hajavuka

Mpishi wa shule yetu hapa Njoro huchagua maharagwe chini ya dirisha la kidato cha tatu, saa ya somo la Kiingereza. Hadithi ikisomwa, vidole vyake hupunguza mwendo. Shairi likisomwa husimama kabisa, ndiyo maana siku za mashairi githeri yetu ya mahindi na maharagwe huwa na mawe. Jumanne kengele ililia mama wa hadithini akiwa katikati ya mto uliofurika, na mwalimu akafunga kitabu. Tulipopanga foleni ya chakula, mpishi alikuwa ameshika mwiko kama askari wa geti na rungu lake.

"Githeri imeiva," alisema. "Lakini huyo mama alivuka ama hakuvuka?"

Mwenzetu Jerop alikimbia kumwita mwalimu, naye akaja akasoma hapo hapo kwenye moshi. Mama alipokanyaga ng'ambo, mpishi alifunua sufuria.

"Haya, sasa mkule."